Duara Jeupe Ukutani

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine weka akiba, maana nakujua, ya kwanza huwa huisikii. Mimi ni mzima kuanzia utosini hadi kwenye kidole gumba, kile nilichokigonga kwa nyundo juma lililopita. Kimekuwa cheusi kama zabibu lakini kinapiga kazi. Wewe je? Mgongo unaendeleaje? Na lile goti lako linalotabiri mvua, bado linasema kweli au nalo limeanza kubahatisha kama redio?

Barua hii nampa dereva wa lori la mbao, yule mwenye pengo. Ningekupigia simu, lakini simu yako uliitumbukiza kwenye ndoo ya kulowekea ngozi ukasema Mungu amekupumzisha.

Sasa kaa kwenye kigoda chako vizuri usije ukaanguka. Mpwa wako amekuwa mwandishi! Mimi, Kiroboto, niliyeachana na shule kabla shule haijaniacha! Nina blogu. Usikunje uso, nakueleza. Blogu ni kama ule ubao wa matangazo wa mlangoni kanisani, ila huu unakaa ndani ya simu, na mtu aliye upande wa pili wa dunia anaweza kuusoma akiwa chooni. Nimeiita Benchi la Nyuma. Naandika habari za imani, lakini siandiki kama mchungaji. Naandika kama mtu aliyekaa pale nyuma kabisa, kwenye benchi letu lenye mguu mfupi, akiona visogo vya watakatifu wote.

Naandika saa ya chakula cha mchana. Hapa karakana tunatengeneza makochi, kwa hiyo huwa nakaa kwenye kochi ambalo bado halijavishwa kitambaa, springi zinanichoma, na hapo ndipo maneno yanapokuja. Mafundi wenzangu wananiita Askofu wa Sponji. Wivu tu.

Unajua nimeandika nini mpaka sasa? Jumamosi zetu. Jinsi tulivyokuwa tukisugua mabenchi kwa vipande vya mishumaa iliyokwisha, wewe unasugua, mimi nateleza kwa kaptula toka mwanzo wa benchi hadi mwisho, ndiyo ikawa polishi yetu. Nimeandika ile harufu ya nta na vumbi lililonyunyiziwa maji. Nimeandika ulivyokuwa ukinibeba mabegani nitie ufunguo ile saa kubwa ya ukutani, na ulivyokuwa ukihesabu kwa sauti: mizunguko kumi na minne, wa kumi na tano utaikata roho. Mjomba, mpaka leo nikifumba macho nasikia ule mlio wake, tak, tak, na mapaja yangu yamekubana masikio pande zote mbili.

Na nimeandika lile duara jeupe lililobaki ukutani baada ya saa kuibiwa. Kwamba miaka tisa imepita na hakuna aliyelipaka rangi, na tangu siku ile mahubiri hayana mwisho kwa sababu mchungaji hana pa kutazama. Hapo watu walicheka sana.

Watu wenyewe ni kumi na mmoja. Mmoja ni mimi. Lakini hata Bwana alianza na kumi na wawili, kwa hiyo nimepungukiwa mmoja tu.

Mpwa wako mwenye sifa,
Kiroboto

*

Tarehe 25 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Zote mbili nimezisikia.

Mimi nipo. Mgongo haujambo ukiulizwa asubuhi, jioni usiuulize. Goti lilisema mvua juma zima, mvua ikaja leo. Jirani anayefuga kuku anakusalimu, anasema bado anakudai jogoo uliyemtisha akaacha kuwika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili nikaisoma polepole. Ya tatu nikaenda kutafuta vile vipande vya mishumaa. Vipo bado, kwenye kopo la rangi, chini ya kitanda. Sijui navitunzia nini. Mabenchi siku hizi yanafutwa kwa kitambaa kikavu na yule kijana waliyemweka. Si mbaya. Lakini ukikaa, suruali inashika. Hayatelezi tena.

Habari ya duara umeandika kweli, linaonekana hata ukiwa barabarani mlango ukiwa wazi. Mimi huwa nakaa palepale nyuma, na kila Jumapili linanitazama kama jicho. Umesahau kuwaambia watu wako kumi na mmoja kwamba baada ya saa kwenda, na funguo zilikwenda. Mzee Miwani alinyoosha mkono mbele ya kanisa zima akasema, "Milango yote ilikuwa imefungwa, na mwenye funguo ni mmoja. Zilete." Nikazileta. Ndiyo maana leo natia soli viatu vya watu. Silalamiki, nakukumbusha tu, maana umeandika kama vile saa iliota miguu ikaondoka.

Nina swali moja. Wewe ulikuwa unalala tangu somo la kwanza mpaka sadaka. Sasa unawaambia watu nini kuhusu Mungu? Sikukatazi. Ila andika ulichokiona. Usichokiona waachie waliokiona.

Kula. Mara ya mwisho kola ilikuwa inakuzidi shingo.

Mjomba wako

*

Tarehe 30 Machi

Mjomba mtia soli wa roho yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na uji mkononi na si na jino linalouma, maana dereva Pengo aliniambia alikuona umefunga shavu kwa kitambaa. Karafuu, Mjomba. Weka karafuu. Mimi sijambo, kidole kimeota ukucha mpya wenye umbo la ramani.

Kuhusu kola, nimenenepa. Au tuseme nimenunua shati dogo.

Nisikilize sasa. Kumbe kuandika habari za imani si lelemama. Nilidhani nitaandika, watu watalia, watatubu, nami nitakuwa nasukuma sponji huku malaika wananipigia makofi. Wapi! Nikiandika utani, anatokea mtu ananiambia namdhihaki Mungu. Nikiandika kwa adabu, hakuna anayesoma. Kuna mmoja anajiita Mkaguzi, kila ninachoandika anakuja na mstari wa Maandiko kunionyesha nilipokosea. Mimi darasa nililoishia unalijua. Nikimjibu anasahihisha hata jibu. Juzi nimekaa na simu dakika arobaini nikitafuta neno la kumkomesha. Fundi mkuu akapita, akasema, "Askofu, hilo kochi litajivisha lenyewe?" Nilitamani niizime blogu, nirudi kuwa mtu wa kawaida anayeomba kabla ya kula na kusahau baada ya kula.

Halafu siku hiyohiyo akaandika mama mmoja. Anajiita Mama Pacha. Alisema amesoma habari ya wewe kunibeba mabegani. Alisema hajaingia kanisani tangu alipozika mmoja wa wale pacha, lakini siku ile alicheka, na alipomaliza kucheka akajikuta anaongea na Mungu, kwa hasira, lakini anaongea. Mjomba, niliweka nyundo chini. Nilitoka nje nikajifanya natafuta misumari.

Sasa ungedhani ningetosheka. Lakini unanijua. Kuna kijana mwingine huku anaandika pia, anajiita Mtumishi wa Moto. Ana wasomaji hata siwezi kukutajia. Na unajua anawapa nini? Ushuhuda! Alikuwa jambazi, alikuwa mlevi, alilala na nyoka, akaokoka. Mimi nitashuhudia nini? Kwamba niliteleza kwenye benchi? Kwamba niliibia jirani yai moja nikalirudisha kwa sababu lilikuwa viza? Dhambi zangu ni ndogo, Mjomba, hazina hata harufu. Nina wasomaji hamsini na wanne, na nahisi kama mtu anayeuza maji kando ya mto.

Lakini nina mpango. Utasikia jina langu mpaka huko.

Mpwa wako, mnyenyekevu kuliko wote,
Kiroboto

*

Tarehe 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Jino lilitoka? Dereva anasema shavu limerudi mahali pake. Mimi mzima sana, nimezidi uzima.

Elfu nne! Watu elfu nne wamesoma nilichoandika, kwa siku sita! Fundi mkuu mwenyewe amesoma, akanipa mkono, halafu akahesabu bisibisi zake, sijui kwa nini. Hata Mkaguzi hakuleta mstari, ameandika tu, "Mungu akubariki kwa ujasiri." Mtumishi wa Moto ameniomba tuandike pamoja. Hebu fikiria!

Usiniulize niliandika nini. Ni mambo ya vijana, hutayapenda, lugha yenyewe ya mtaani. Jambo muhimu ni kwamba watu wanaguswa. Ndiyo kazi, au sivyo?

Usingizi umenipungua kidogo, lakini ni joto.

Kiroboto

*

Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Leo sikuiti Kiroboto.

Kwanza, nimeamka salama, na wewe natumaini umeamka salama. Jino lilitoka.

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, mwalimu wa kwaya alisimama na simu yake. Alisema amepata maneno ya mtoto wa kanisa hili na angependa kuyasoma. Akasoma. Ulivyochoshwa na mahubiri ukiwa na miaka kumi. Ulivyoingia Jumamosi jioni, ukapanda juu ya meza, ukaishusha saa ili mchungaji asijue muda, ukashangaa kuona badala ya kufupisha ndiyo kwanza anarefusha. Hapo kanisa lilicheka. Ulivyoificha ndani ya sweta na kuizika karibu na uzio. Ulivyonyamaza mjomba wako alipovuliwa funguo. Hapo hawakucheka.

Mimi nilikuwa nyuma, palepale. Visogo vyote viligeuka. Miaka tisa navitazama visogo vile, sikujua vina nyuso nyingi hivyo.

Mzee Miwani alitoka mbele. Anatembea kwa shida siku hizi. Alikuja mpaka benchi la nyuma, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mkononi mwangu, akasema, "Mwenzangu, nilikukosea." Kanisa likapiga makofi. Wengine walilia. Mama mmoja ambaye hajanisalimu tangu siku ile ameniletea viatu vitano vya kutia soli, na vitatu kati ya hivyo havina hata ubaya.

Kwa hiyo nina funguo, naandika barua hii zikiwa juu ya meza. Jumamosi nilikwenda na kopo langu la mishumaa. Mabenchi ishirini na mawili. Mgongo ulilia, lakini sasa yanateleza.

Vijana wa kwaya wamechimba mashimo sita karibu na uzio kutafuta saa. Wamepata kijiko na kiatu kimoja cha mtoto. Ukinielekeza vizuri ulipoizika nitashukuru, maana mbuzi wa jirani ameshatumbukia mara mbili.

Nikwambie neno moja kisha tusilirudie. Wiki ile ya saa ulikuwa huli. Nilidhani ni kwa ajili ya marehemu mama yako. Sasa naelewa. Nimekusamehe, na nilikusamehe mwalimu hajamaliza kusoma. Iliniuma kidogo kwamba uliniona nikivuliwa funguo na hukusema. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto huogopa. Yameisha.

Mjomba wako

*

Tarehe 1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Nakuuliza hivyohivyo: hujambo? Mgongo haukudhurika na mabenchi yote hayo?

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa chini sakafuni katikati ya mabaki ya sponji. Wenzangu walidhani kuna msiba.

Mjomba, sikuiba ile saa.

Sikuiba, sikuizika, waambie vijana wa kwaya wafukie yale mashimo. Nilitunga. Nilikuwa na wasomaji hamsini na wanne na nilitaka elfu. Nilitafuta dhambi kubwa ya kutubu nikakuta sina, nikakumbuka ile saa haina mwenyewe, nikajivika. Nilidhani ni mzaha wa mbali, na huko kwetu hakuna asomaye. Hata sikuwaza kwamba uliyevuliwa funguo ndani ya hadithi yangu ni wewe wa kweli, mwenye goti na ndoo ya ngozi. Niliandika "mjomba wangu akabeba aibu" nikaona ni mstari mtamu. Nikausoma kwa sauti, Mjomba! Nikajipongeza.

Na sasa nimenasa. Nikisema kweli, watakunyang'anya funguo mara ya pili. Nikinyamaza, wewe unaniona mtu aliyekutazama ukisagwa miaka tisa akala ugali wako. Siku tatu nimejiambia, nyamaza, mjomba ana funguo, mabenchi yanateleza, wewe jina lako lina kazi gani? Lakini ukaandika kwamba umenisamehe. Nisamehe kitu nilichofanya, nitashukuru. Siwezi kula msamaha wa kitu ambacho sikufanya, unanikwama kooni.

Na kuna kitu nilichofanya. Hicho sijakiandika kwenye blogu wala kukisema kwa mtu, kwa sababu hakina utamu wowote.

Jumamosi ile, tulipomaliza kufagia, ulinipa ufunguo ukaniambia, "Kafunge mlango wa ubavuni, mimi nafunga mkubwa." Wenzangu walikuwa wananiita nje, wamepata mpira wa ngozi wa kweli. Nakumbuka ubaridi wa ule ufunguo. Nakumbuka nilivyokurudishia, na wewe ulivyonishika kichwa. Lakini kuuzungusha mlangoni, Mjomba, sikumbuki. Miaka tisa najaribu kuukumbuka mkono wangu ukizungusha. Hauzunguki.

Ndiyo maana sikuwa nakula. Wakati Mzee Miwani anasema milango yote ilikuwa imefungwa, nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe niliufunga! Nikafurahi wakati wewe unavua funguo kiunoni.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Ni ndogo, nilikwambia. Lakini hii ina harufu.

Niambie nifanye nini. Nitafanya.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni mwezi na siku moja, na dereva Pengo amepita mara nne mikono mitupu. Nilimuuliza, "Umemkuta?" Akasema, "Yupo, alinipa maji ya kunywa." Nikamuuliza, "Hakukupa kitu kingine?" Akasema, "Alinipa na kikombe." Nilitamani kumwongezea pengo.

Sikungoja tena unijibu. Nimeufuta ule uongo, na mahali pake nimeandika kweli yote, na mlango wa ubavuni pia. Nilitaka nitie utani kidogo mwanzoni, nikafuta. Nilipobonyeza kuituma, nilibaki nimefumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Mtumishi wa Moto ameniita nabii wa uongo, na kwa kweli sina pa kumbishia. Walinitukana siku mbili, ya tatu wakachoka wakaondoka. Elfu nne wamekuwa kumi na tisa. Mkaguzi amebaki, na ameleta mstari kama kawaida yake, ila safari hii ni ule wa mwana aliyerudi nyumbani, na hakusahihisha kitu. Mama Pacha ameniuliza neno moja tu: "Na kubebwa mabegani, je? Nako ulitunga?" Nimemjibu hapana. Akasema, "Basi naendelea kusoma."

Kwa hiyo nina kumi na tisa na usingizi umerudi. Lakini napiga misumari huku nikisikiliza kama lori linakuja.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nitumie hata karatasi tupu yenye alama ya kidole chenye gundi.

Kiroboto, kama bado unaniita hivyo

*

Tarehe 21 Julai

Kiroboto,

Marahaba.

Mimi mzima. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na deni la maneno na watu wengine, na nilitaka niwamalizie wao kwanza ndipo nije kwako.

Mlango wa ubavuni hukuufunga.

Niliukuta wazi. Jumapili ile nilifika wa kwanza kama siku zote, nikakuta mlango unapepea kwa upepo na ukutani hakuna kitu. Nilisimama pale, nikajua mara moja mkono uliousahau ni wa nani. Nikaufunga mimi. Wazee walipokuja wakauliza, nikawaambia milango yote nimeikuta imefungwa. Mzee Miwani hakuutunga ule usemi, niliutoa mimi mdomoni mwangu.

Ningesema ulikuwa wazi, wangeuliza nani aliachiwa kuufunga. Ulikuwa na miaka kumi, mama yako ametoka kuzikwa, na ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kulala bila kulia. Sikutaka Mzee Miwani akuinamie na ile miwani yake akuulize maswali. Nikaona funguo ni chuma tu.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliposoma ule ushuhuda wako wa uongo, mwenzio nilipigwa mara mbili. Miaka yote nilijua nimeficha usahaulifu wa mtoto. Nikaambiwa kumbe nilificha mwizi. Nilikusamehe, ndiyo, lakini nilisugua yale mabenchi kwa nguvu sana. Barua yako ya Juni ilipofika niliisoma nikatoka nje, na jirani wa kuku akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Ulikuwa umesahau tu. Palepale nilipokuacha.

Lakini sasa nami nikawa na kazi. Wewe umedanganya kanisa kwa simu, mimi nimelidanganya kwa mdomo, miaka tisa kabla yako, na mimi nilikuwa mtu mzima. Ilinichukua Jumapili nne kusimama. Tatu za kwanza nilisimama wakati wote wanasimama, nikakaa wakati wote wanakaa.

Ya nne nikaenda mbele. Nikawaambia kijana hakuiba. Mlango ulikuwa wazi, niliufunga mimi asubuhi, nikawaambia uongo. Aliyechukua saa simjui. Nikaziweka funguo juu ya meza, karibu na maua. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Miwani alikuwa anafuta miwani yake, akaendelea kuifuta. Mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo, wa sauti ya juu kuliko tunavyouweza. Nikarudi benchi la nyuma, na baada ya ibada nikapitia nyuma ya uzio nikafukia mashimo.

Juma zima hakuna aliyeniletea kiatu. Nilisema, haya, ndiyo ilivyo.

Jumamosi nikawa naelekea dukani kununua uzi. Miguu ikanipeleka kule. Mlango mkubwa umefungwa. Nikazunguka, nikaugusa ule wa ubavuni kwa kidole kimoja, hivi.

Ulikuwa wazi.

Ndani hakuna mtu. Funguo zipo palepale mezani nilipoziweka, maua yameshanyauka. Na kwenye benchi la kwanza mtu ameacha ndoo ya maji, ufagio, na mishumaa mitatu mizima, mipya, ambayo haijawashwa hata mara moja. Mzee Miwani ndiye anayeweka mishumaa. Hajawahi kumpa mtu mshumaa mzima, tangu nimjue.

Nikarudi nyumbani kuchukua kopo langu. Mipya ni migumu, haisugui vizuri.

Sasa wewe. Mwalimu wa kwaya ananisomea Benchi la Nyuma kila Jumapili tukitoka, tukiwa ngazini. Kwa hiyo usiseme kumi na tisa, sema ishirini, na ishirini na mmoja ukimhesabu yeye. Ile habari ya mlango ni nzuri kuliko ya saa. Umekosea tu mahali pamoja: mizunguko ni kumi na mitatu. Wewe ndiye uliyekuwa unaongeza mmoja kila mara, nami nilikuwa nakuachia.

Njoo ukipata ruhusa. Benchi lina mguu mfupi bado, nami siku hizi sina wa kukaa upande wa pili kulituliza. Na usije na saa, nakujua, utataka kuja na saa ujipigie tarumbeta. Liache lile duara. Mchungaji amekwisha kulizoea. Akihubiri analitazama, na sijui anaona nini pale, lakini Jumapili hii alimaliza mapema.

Mjomba wako